Mshindi wa Nidhamu

Naambiwa kwamba siku hizi mtu anayetaka kuwa dereva wa magari ya mashindano huanza angali mtoto, kwenye vigari vidogo vinavyozunguka uwanja laini. Baba anamnunulia kofia ngumu, mama anakaa pembeni na chupa ya maji. Akikua anapandishwa gari kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi, mpaka kampuni fulani inamwita na kumlipa mshahara kwa kukimbia tu. Maelezo hayo nayasikiliza kwa utulivu, maana mimi ni mtu wa fani hiyo. Tofauti yetu ni ndogo. Mimi nilianza na trekta.

Trekta lenyewe lilikuwa la shamba la mpunga kule Ubaruku, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa Kihehe niliyetoka kwetu Ifunda na shati moja la kanisani na imani kubwa juu ya mguu wangu wa kulia. Nilikabidhiwa trekta kwa sababu nilikuwa mrefu, na msimamizi aliamini kwamba mtu mrefu huona mbali. Haukupita muda nikagundua kwamba ukilifungua jembe, ukaweka gia ya mwisho, na njia ya kurudi bohari ikawa kavu, trekta lile nalo lilikuwa na hamu ya kukimbia. Wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini ndio waliokuwa watazamaji wangu wa kwanza. Walisimama na fimbo zao wakinitazama nilivyokandamiza mafuta mpaka chini, mshipa umenitoka shingoni, halafu ng'ombe wao wakanipita.

Msimamizi aliniita akaniambia kwamba shamba hulimwa, halikimbiliwi. Nikaona huyu hana upeo, nikaacha kazi.

Leseni niliifuata Iringa mjini. Askari aliyekuwa akitahini madereva alikuwa na mtihani mmoja tu aliouamini. Alikupeleka kwenye kilima cha Gangilonga, akakusimamisha katikati ya mwinuko, akateremka, akaweka kibiriti nyuma ya tairi, akarudi kukaa. Gari likirudi nyuma likakiponda kibiriti, unarudi kwenu kwa miguu. Mimi sikukiponda. Niliondoka kwa mshindo hata askari akashika kofia yake kwa mikono miwili, na tulipofika juu akaniambia kwamba ananipasisha kwa sababu kibiriti ni kizima, lakini laiti angekuwa na kibiriti kingine cha kuweka mbele, nisingeiona leseni maishani mwangu. Nililichukua hilo kuwa sifa.

Kwa leseni ile nikapata lori la mafuta. Barabara ya kwenda Zambia ndiyo iliyokuwa chuo chetu wakati huo. Lami ilikuwa inakuja polepole kama mgeni asiye na uhakika kama atakaribishwa, na mahali ambapo haijafika tulizama mpaka kwenye ekseli, tukala, tukalala na kufua nguo hapohapo tukingoja tope likauke. Ndiko nilikomjua rafiki yangu wa Tukuyu, dereva wa lori kama mimi. Alikuwa Mnyakyusa mpole, mwenye mikono myepesi kwenye usukani, na aliweza kulitoa lori mahali ambapo sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kuota moto na kupika ugali. Kwa udereva alinizidi. Nalisema mapema, tena linaniuma, ili nisije nikalisahau huko mbele kwa makusudi.

Alikuwa na kasoro moja, nayo ni heshima. Tukiwa njiani, akimwona mzee anatembea kandokando ya barabara, alisimamisha lori zima na shehena yake, akateremka, akachuchumaa, akaamkia. Alisema kwao mtu hawezi kumwamkia mzee akiwa amekaa juu yake. Nilimwambia kwamba kati ya Mbeya na Tunduma wazee ni wengi kuliko matangi ya mafuta. Akasema ndiyo maana huondoka mapema.

Basi nilipomweleza baba yangu kwamba ninataka kuwa dereva wa mashindano, nilikuwa tayari na uzoefu wa trekta na lori, na nilitegemea baraka. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa zile siku ambazo hata kucheka kwa sauti siku ya Jumapili kulihitaji sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Hilo gari linalokwenda mbio," akauliza, "limebeba nini?"

"Halijabeba kitu, baba."

"Hata abiria?"

"Hata abiria. Kuna dereva na msoma ramani tu."

"Sasa kama halijabeba kitu, linakwenda kufanya nini huko?"

Nikamwambia linakwenda kufika. Alinitazama kwa huruma kabisa, kama alivyowatazama wale waliokuwa wakirudia darasa la kipaimara, akasema siku nitakapopata gari lililobeba kitu nimjulishe, atamshukuru Mungu pamoja nami. Mama, aliyekuwa anapepeta mahindi pale uani, alicheka mpaka akamwaga.

Hilo lilinikaa rohoni. Nilitaka nilipwe mshahara wa kukimbia bila kubeba kitu, niulete nyumbani, niuweke mezani mbele ya kile kikombe cha chai. Kusema kweli sikuwa na lengo jingine maishani.

Nafasi ikaja. Kila Pasaka yalikuwa yakipita kwetu mashindano makubwa ya magari, na kila Pasaka waliopita walikuwa Wazungu na Wahindi, huku mchango wetu sisi wenyeji ukiwa ni kushangilia na kutoa kuku wa kugongwa. Kampuni moja ya kuuza magari huko Dar es Salaam ikaona haya, au iliambiwa ione haya, ikatangaza kwamba inamtafuta dereva mmoja mzalendo wa Nyanda za Juu Kusini. Atapewa gari, kofia ngumu na mshahara wa kila mwezi, kisha ataingizwa kwenye mashindano ya Pasaka inayofuata. Atakayeshinda mbio za majaribio kutoka Mbeya hadi Chunya ndiye.

Ikaundwa kamati, maana bila kamati hata mvua ilikuwa hainyeshi. Kamati ilikaa vikao vingi. Kikao cha kwanza kilijadili kama mashindano yenyewe si tabia ya kibepari, kwa kuwa mtu mmoja anawaacha wenzake nyuma. Hoja ilijibiwa kwamba wote wataondoka mahali pamoja na kufika mahali pamoja, kwa hiyo moyo ni uleule wa kijamaa, ila kwa mwendo tofauti. Kikao kilichofuata kilichagua mgeni rasmi. Alipatikana mkubwa mmoja wa mkoa, mtu mnene mwenye sauti nzito, ambaye siku hiyohiyo alikuwa na safari ya kwenda Chunya kufungua ghala jipya la tumbaku. Kamati ikafurahi, ikapanga kila kitu pamoja. Mkubwa atapunga bendera Mbeya, kisha yeye mwenyewe atangulie Chunya, afungue ghala, na akishakata utepe, meza ya wapima saa iwe ndani ya ua wa ghala, magari yaingie mle, na mshindi akabidhiwe zawadi hapohapo. Utepe mmoja, mgeni mmoja, gharama moja. Walipigiana makofi.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwamba mkubwa akitangulia kwenye barabara ileile, nyembamba kiasi kile, na magari ya mashindano yakamkuta njiani, itakuwaje. Naamini hawakuuliza kwa sababu jibu walilijua wote. Wakati ule sisi sote tulikuwa ndugu, tena tulilitamka neno hilo kwa nguvu. Ila kulikuwa na ndugu wa mbele na ndugu wa nyuma, na gari la ndugu wa mbele halikupitwa. Haikuwa sheria iliyoandikwa mahali. Ilikuwa kama kuvua kofia kanisani.

Gari langu niliazimwa na Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku kule Iringa niliyewahi kumbebea mbolea. Lilikuwa kigari cha rangi ya maziwa, kiti cha nyuma kimeng'olewa, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya. Rafiki yangu wa Tukuyu alikuja na pikapu ya misheni, na waliompa walimsihi airudishe kabla ya ibada ya jioni. Wengine walikuwa madereva wa mabasi na wa magari ya ushirika, na daktari wa mifugo mmoja aliyekuja na gari la kazi akisema anakwenda Chunya kikazi.

Mkubwa alihutubia. Alizungumzia mwendo wa taifa, akaonya juu ya mwendo kasi. Alipomaliza hotuba ya kuonya juu ya mwendo kasi akapunga bendera kufungua mashindano ya mwendo kasi, akaingia garini, akaondoka. Sisi tukazuiwa ili apate nafasi. Akapewa muda ambao kamati iliuona ni mwingi.

Tukaachiwa. Naweza kueleza kila kona ya mlima ule mpaka leo. Hewa ilikuwa ya baridi, mashamba ya viazi ya Wasafwa yananing'inia pande zote, na nilikuwa nawapita watu. Niliwapita madereva wa mabasi, nikampita daktari wa mifugo. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu, kwa kuwa ndizo nilizozijua zote. Nilijiona nikiweka mshahara mezani. Halafu, tulipokuwa tunaukaribia mgongo wa mlima, nikakuta foleni.

Mbele kabisa lilikuwa gari la mkubwa na kibendera chake, linatembea kama linasindikiza maiti. Mkubwa, nilikuja kujua baadaye, aliogopa kona, na kila mahali palipokuwa na watu zaidi ya watatu alisimama apunge mkono. Nyuma yake ilikuwa pikapu ya misheni. Rafiki yangu alikuwa amefika wa kwanza, kama nilivyotarajia, na sasa alikuwa ametulia kule nyuma, ameacha nafasi ya adabu kabisa. Aliliheshimu gari lile kama mkamwana wa kwao anavyomheshimu baba mkwe, hata kulitazama hakuthubutu. Nyuma yake walipangana wengine wawili. Nikawa wa nne. Muda si mrefu tukawa wote pale, mashindano mazima, yananguruma gia ya kwanza nyuma ya kibendera.

Tukapita pale juu ambapo unaliona bonde la Usangu limelala chini, na mahali fulani kule ndiko nilikokuwa nikipitwa na ng'ombe. Tukaanza kuteremka upande wa Chunya. Baridi ikaisha, vumbi likaanza. Tulikula vumbi la mkubwa kimya kimya, kwa nidhamu, mmoja baada ya mwingine. Vumbi liliingia kwenye mlango wa waya, likanijaa mdomoni katikati ya ubeti. Nikaacha kuimba. Nikasikia sauti ya baba ikiuliza, limebeba nini? Nikaona kwamba hapa tutafika Chunya kwa mpangilio huuhuu, rafiki yangu atakuwa wa kwanza kwa kumfuata mtu polepole, na mimi nitarudi kwenye lori la mafuta.

Sikuwaza tena. Niliwapita wale wawili. Nikafika ubavuni mwa rafiki yangu, akanitazama, akatikisa kichwa kwa kunionya, kama unavyomtikisia mtoto anayekaribia moto. Nikampita. Nikabaki na kibendera mbele yangu, nikapiga honi.

Dereva wa mkubwa alikuwa mzee wa Kisafwa aliyeendesha magari tangu wakati wa Mwingereza. Nadhani hakuwahi kupigiwa honi akiwa kwenye gari lile, ila mikono yake ilikuwa na mazoea ya zamani, na mazoea yakamtuma apishe. Alisogea kushoto. Nilipokuwa sambamba nikageuza kichwa, sijui kwa nini, nadhani nilitaka kuomba radhi. Mkubwa alikuwa anatafuna hindi la kuchoma. Aliliacha limekaa hapohapo mdomoni, macho yametutoka wote wawili, halafu nikawa mbele na barabara yote ikawa yangu.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala kabla wala baadaye. Nilikimbia mpaka Chunya sijabeba kitu.

Sasa, watu wa Chunya walikuwa wamejipanga tangu asubuhi. Shule zilikuwepo, kwaya zilikuwepo, wachimbaji wa dhahabu walikuwa wameacha mashimo yao wakaja na makoleo, na kina mama walikuwa wametandika kanga barabarani. Maelekezo waliyopewa yalikuwa mafupi na yenye akili: gari la kwanza kutokea ndilo la mgeni. Lingekuwa la nani jingine? Nani angetangulia?

Nilipotokea, kwaya ikalipuka. Vigelegele vikapanda mpaka nikadhani kumbe wananchi hawa ni wapenzi wakubwa wa michezo. Nilipunguza mwendo kwa sababu sikuweza kukanyaga kanga za watu, nao wakanizunguka, wakaufungua ule mlango wa waya kwa heshima kubwa, wakanitoa. Nilikuwa na ovaroli lenye grisi, na uso wangu wote ulikuwa vumbi isipokuwa macho. Nikaona wanatazamana. Mwenyekiti wa pale, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, akageukia umati, machozi yakimlenga, akatangaza kwamba leo wamemwona kiongozi wa kweli wa wakulima na wafanyakazi, amekuja na nguo za kazi, tena anajiendesha mwenyewe. Umati ukapiga makofi mpaka vumbi likainuka upya.

"Ndugu mwenyekiti," nikamwambia, "mimi ni dereva tu."

"Sote ni madereva, ndugu," akanijibu huku akinivika shada la maua. "Madereva wa maendeleo."

Ningefanya nini? Kupitia lango la ghala niliwaona wapima saa wameketi mezani, saa mkononi, wananiangalia kwa hofu. Kati yangu na wao palikuwa na utepe. Ili mbio zihesabike zimekwisha nilipaswa kufika ile meza, na ili kufika ile meza utepe ulipaswa kukatwa, na hapo hapo msichana wa shule akanipigia goti na kuniletea mkasi kwenye sinia. Nikaukata. Nikatembea hadi mezani nikiwa na shada shingoni, nikagonga meza kwa kiganja, na mpima saa akaandika. Nyuma yangu mwenyekiti akatangaza kwamba ghala limefunguliwa rasmi.

Kuku walikuwa wameshaanza kugawiwa wakati kibendera kilipotokea, na nyuma yake, kwa mstari ulionyooka, magari yote ya mashindano. Kwaya ilikuwa na wimbo mmoja, na ilikuwa imeshauimba. Mwalimu akajaribu kuwakusanya watoto waurudie, lakini walikuwa na soda mikononi. Mkubwa akateremka. Akautazama utepe uliolala chini vipande viwili, akalitazama shada shingoni mwangu.

Kamati ilikwenda kukaa kikao nyuma ya ghala. Ilirudi na uamuzi uliowaridhisha wote waliokuwa na uwezo wa kuridhika. Kwa upande wa saa, mshindi alikuwa mimi. Lakini mashindano, kamati ilieleza, yana pande nyingi, na kwa upande wa nidhamu mshindi alikuwa yule ndugu wa pikapu ya misheni, aliyeongoza safari nzima bila kumtangulia kiongozi. Kampuni ingemchukua mshindi wa nidhamu. Rafiki yangu aliposikia hivyo hakufurahi. Aliinama chini, akaniambia kwa kunong'ona kwamba nafasi ni yangu. Nikamwambia aende akavae kofia yake. Nilisema kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake.

Mkubwa akaniita. Nilikwenda nikijua napelekwa polisi, nikawa hata nimeshavua shada ili lisichafuke. Aliniangalia tangu juu mpaka chini. Kisha akamtazama dereva wake, yule mzee wa Kisafwa, aliyekuwa ameegemea gari kwa uchovu, akanigeukia tena.

"Kuanzia kesho utaniendesha wewe," akasema. "Hapo hutanipita tena."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa dereva wa kulipwa. Mshahara ulikuja kila mwezi, nikaupeleka Ifunda, nikauweka mezani mbele ya kikombe cha chai. Baba akaomba sala ndefu. "Sasa gari limebeba mtu," akasema, na akamshukuru Mungu kama alivyoahidi. Mimi nilitazama ukutani mpaka amina.

Mkubwa alihamishiwa Iringa, na mimi nikahamishwa pamoja na viti vyake. Alikuwa mwajiri mzuri, nisimsingizie. Ila alipenda twende taratibu. Kila nilipokanyaga mafuta kidogo tu alikohoa. Nilijifunza kuendesha kwa kikohozi. Bingwa wa mlima wa Chunya nilikuwa napitwa na baiskeli za wauza maziwa, nao walinipita kwa kuwa walikuwa wauza maziwa na hawakuwa na la kupoteza.

Pasaka ikafika, na rafiki yangu akaingia kwenye mashindano makubwa. Kampuni ilikuwa imempa gari jekundu, kofia ngumu, na msoma ramani, kijana wa Kihindi kutoka Dar es Salaam. Redio ilikuwa inamtaja. Siku ya kwanza alikuwa nyuma, siku ya pili alikuwa miongoni mwa walio mbele. Iringa nzima ilikaa redioni. Watu wasiojua gia ni kitu gani walikuwa wanabishana juu ya tairi zake. Nilikuwa na wivu, ndiyo, lakini wivu wenyewe ulikuwa umechanganyika na majivuno, kwa sababu nilijua mikono ile. Nilitaka afike mbele ya wale wageni wote. Nilitaka ashinde kwa niaba ya watu wawili.

Siku ambayo magari yangepita Mufindi, mkubwa alikuwa amealikwa chakula cha mchana kwenye shamba moja la chai kulekule. Nilimsihi tuchelewe kidogo, magari yapite kwanza. Akasema barabara ni ya wananchi. Nikamjibu ndiyo, mzee, nikawasha gari.

Mvua ilikuwa imenyesha. Udongo mwekundu wa Mufindi ukilowa ni kama sabuni, na barabara ilikuwa nyembamba katikati ya chai. Mkubwa alikuwa anasinzia kiti cha nyuma. Tulikuwa tunakwenda mwendo wetu wa kikohozi nilipoona taa kwenye kioo, halafu gari jekundu, limejaa tope mpaka juu. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Alikuwa wa kwanza. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nikasogea kushoto kabisa, tairi zikaingia kwenye nyasi, nikamwashia taa ya kumruhusu. Akapunguza mwendo. Nikatoa mkono dirishani, nikampungia apite. Akaja nyuma yangu taratibu, akaacha nafasi ya adabu. Alikuwa amekiona kibendera. Nilipunga mpaka bega likauma. Kwenye kioo nilimwona yule msoma ramani anapigapiga dashibodi kwa ngumi, na yeye ametulia, macho chini.

Nikafanya kitu kimoja kilichobaki. Nilitoka barabarani, nikaingiza gari kwenye chai, nikazima injini. Mkubwa akashtuka, akauliza kulikoni. Nikamwambia pancha, mzee. Nilidhani gari lililosimama, lililotoka njiani, halimfungi mtu. Nikateremka niufungue mlango wa nyuma wa mizigo, ili ionekane kweli.

Gari jekundu likasimama nyuma yangu. Rafiki yangu akateremka. Akavua kofia ngumu, akaja dirishani kwa mkubwa, akachuchumaa topeni, akaamkia. Mzee akaitikia marahaba, akasema huyu ndiye kijana mwenye nidhamu. Kisha rafiki yangu akaja kwangu, amekunja mikono ya shati, anainamia tairi moja baada ya jingine.

"Pancha iko wapi?"

"Hakuna pancha," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nimesimama ili upite. Ondoka, ndugu yangu. Nakuomba."

Nadhani alielewa yote, hata kilichonifanya nimpite kwenye mlima wa Chunya. Kutoka mbali, huko juu ya kilima, tukaanza kusikia injini za wengine.

"Mzee ameshaniona," akasema. "Nitaondokaje nikamwacha njiani?"

La kwanza likatupita, likatumwagia tope. Likafuata jingine, na jingine. Msoma ramani alikuwa ameketi garini, ameziba uso kwa ramani yake. Mzee akateremsha kioo kidogo, akauliza kama kazi inakwenda. Nikamjibu inakwenda.

Tukapiga jeki. Yeye akashika spana, mimi nikalitoa tairi la akiba. Tukafungua tairi lililokuwa zima, tukafunga lingine lililokuwa zima vilevile, na hatukuinua macho mpaka magari yote yalipokwisha kupita.